Wino Mwekundu Vidoleni mwa Irine

Filomena alikuwa fundi cherehani Kimamba, mjukuu wa mkata mkonge. Mwaka 1993 mitumba ilikuwa imejaa kila gulio, na kazi iliyomfikia ilikuwa ya kupunguza viuno na kubadilisha zipu. Mumewe, Oswald, alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, akirudi mara moja kwa mwezi. Mambo ya Irine, binti yao wa miaka sita, yalimwangukia Filomena peke yake.

Na Irine alikuwa na mambo. Alijua kusoma bila kufundishwa. Alianza na maandishi ya kwenye magunia, akaja kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Jirani mmoja aliuliza mtoto huyo kapewa nini. Tangu siku hiyo Filomena alimkataza mwanawe kula kwa watu.

Alipoingia darasa la kwanza, Mwalimu Hezekia alikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani.

"Mama Irine, huyu mtoto ana kichwa. Niachie abaki baada ya masomo nimwendeleze. Sitaki malipo."

Walimu wengine wote walitoza tuisheni. Huyu kwa nini hataki? Filomena alikubali, lakini neno hilo lilimkaa rohoni.

Wiki ya pili Irine alirudi na wino mwekundu vidoleni.

"Mmesoma nini leo?"

"Hesabu."

"Hesabu gani?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Mwalimu amesema ni siri yetu."

Filomena aliacha kushona. Alimwogesha mwenyewe, akamkagua kila mahali. Hakuona kitu, na bado hakutulia.

Kesho yake alifunga cherehani mapema, akapita nyuma ya shule katikati ya mahindi, akachungulia dirishani. Irine alikuwa peke yake kwenye meza ya mwalimu, amepiga magoti juu ya kiti ili aifikie. Mbele yake palikuwa na rundo la madaftari ya darasa la nne. Alikuwa anasahihisha. Alama ya vema, ya kosa, kisha maksi chini ya ukurasa, bila kusita.

Filomena alimkuta Hezekia kwenye genge lake karibu na stesheni, akimpimia mtu sukari.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko shuleni, anasoma."

"Nani anamfundisha?"

Hezekia aliweka kipimo chini. "Mama Irine, maisha ya mwalimu unayajua. Lakini nakuapia, nimepitia kazi yake mara tatu. Hakosei."

"Na siri ilikuwa ya nini?"

Hezekia aliokota kipimo, akaendelea na sukari.

Filomena alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bi Joha. Yeye alimpa Irine mtihani wa darasa la tatu, akasahihisha huku akitikisa kichwa, na muhula uliofuata akamhamishia darasa hilo, kwa mwalimu mwingine. Irine alilia siku tatu. Alisema mama yake amemwachisha kazi.

Bi Joha alipopendekeza baadaye mtoto apelekwe shule ya bweni Morogoro, Filomena alifunga mlango kwanza.

"Nani mwingine mmemwambia?" akauliza.

Miaka mitatu ilipita ndipo akakubali. Kabla ya hapo aliifuata shule hiyo mara mbili bila kuaga mtu, akaingia mpaka bwenini na jikoni, akawahoji wapishi mmoja mmoja.