Risasi za Mlio Mdogo

Tangu Ruqaya, dada yake Yaqdhan, ahamie Salalah na mumewe, mama yao, Bi Masouda, alikuwa hakubali kuachwa peke yake kwenye nyumba yao mtaani Bawshar. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri, Yaqdhan alipokwenda kulenga shabaha kwenye uwanja wa bunduki nje ya mji, mama alikwenda naye. Alibaki garini, vioo vimefungwa. Na kila bunduki ilipolia, Yaqdhan alimwona kwa mbali akijikunyata.

Yaqdhan alikuwa mpima ardhi wa serikali, na ile saa moja ya kulenga karatasi ndiyo pekee iliyomtuliza wiki nzima. Sasa hata hiyo haikumtuliza tena. Alijua mama alikuwa na miaka sita kule Unguja mwaka wa mapinduzi. Zaidi ya hapo hakujua, maana nyumbani hayakuzungumzwa. Alimnunulia vizibo vya masikio. Mama alivirudisha, akasema akiziba masikio hatajua nani anakuja.

Akaenda duka la silaha, na leseni yake mkononi. Muuzaji, Khalil, alimtolea visanduku vitatu vya risasi ndogo.

"Ule mlio unaopasua hewa ni wa risasi yenyewe, ikiipita sauti kwa kasi," alisema. "Hizi za kisanduku cha kati haziifikii kasi ya sauti. Utasikia mtutu tu."

Risasi za kisanduku cha tatu zilikwenda polepole zaidi, lakini Khalil alionya kwamba kwenye mtutu mrefu kama wake risasi hizo huweza kukwama ndani. Yaqdhan aliguswa na hofu nyingine, ya bunduki kumpasukia. Akachukua za kati, akaambiwa kwenye mita hamsini zitashuka vidole viwili hivi, basi alenge juu kidogo.

Ijumaa iliyofuata alikwenda nazo uwanjani. Alingoja walengaji wengine waondoke, akatia risasi moja, akafyatua. Ukatoka mlio mkavu, kama mtu aliyefunga kitabu kwa nguvu. Aligeuka kutazama gari. Mama alikuwa amejikunyata vile vile.

Akaweka bunduki chini, akaenda kumfungulia mlango. Alimwambia wataondoka, na kwamba bunduki ataiuza.

"Nani kakwambia uiuze?" mama aliuliza.

"Nilidhani mlio ndio unaokutisha. Nimetafuta risasi za mlio mdogo."

Bi Masouda alimgeukia. "Siku zile tulikuwa chini ya kitanda, baba. Tukisikia, hatuoni. Hapa garini pia nnasikia tu, sikuoni." Akajitengeneza buibui. "Nnataka nikae pale ninapokuona wewe, na unapopiga."

Yaqdhan aliona haya kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza. Akampelekea kiti nyuma ya mstari wa kufyatulia, hatua chache kutoka kwake, na safari hii mama akakubali vile vizibo. Kabla ya kila risasi Yaqdhan aligeuka, mama akaitikia kwa kichwa, ndipo akafyatua. Ya kwanza alishtuka. Ya pili pia. Mikono yake haikuacha kushika kiti mpaka mwisho, lakini macho hakuyafumba.

Risasi zilianguka chini ya shabaha karibu zote. Yaqdhan alikuwa amesahau kulenga juu.