Baba Mkwe Anawapeleka Wazee Wenzake kwa Tapeli

Mhariri, ficha jina langu tafadhali, maana huku kwetu habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Nina miaka thelathini na sita na watoto wanne. Nimeolewa Mbeere, upande wa Kiambere. Mume wangu anafanya kazi Nairobi, kwa hivyo naishi na watoto na baba mkwe, ambaye ujanani alipigana Burma katika vita vya Wazungu.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja amevaa bereti, akasema kampuni yake ya Embu mjini inawadai Waingereza haki za askari wa zamani. Ada ni mbuzi wawili, na kila mzee alete medali zake ziwe ushahidi. Mimi ningemcheka. Lakini yule mjanja hakuanza na mbuzi. Alikusanya vyeti vyao vya jeshi, akawapanga wazee mstari uwanjani mwa kanisa, akaita jina na namba ya kila mmoja, nao wakasimama wima, hata wa mikongojo. Baba alirudi macho yamejaa machozi.

"Mama, tangu Burma hakuna mtu ameita namba yangu," aliniambia. "Huyu ametukumbuka."

Bwana yule akamfanya sajini wa kampuni. Siku hizi huzunguka vijiji akiwaita wenzake na kupokea mbuzi wao, nao hutoa kwa sababu ni yeye.

Juzi nilipeleka mtama sokoni. Nikamwona yule bwana, bila bereti, anauza mbuzi, na mmoja masikio yake yamekatwa alama ya boma letu. Nikaenda Embu kutafuta hiyo ofisi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: chumba ni cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe amechoka na wazee wanaokuja kuulizia haki zao.

Nilipomwambia mume wangu, alisema mambo ya wazee niwaachie wazee, tena mke wa mtoto hamwambii baba mkwe kwamba amedanganywa. Nilijaribu kwa kuzunguka, nikamuuliza Baba kama Waingereza wamejibu. Chai yangu hakuigusa. Iliniuma sana.

Nikienda polisi, wa kwanza kushikwa ni yeye, maana mbuzi wote walipitia mikononi mwake. Nikinyamaza, Jumamosi hii anawaleta kwa huyo tapeli wazee wa Kibugu, na wajane wa askari wamo.

Jana nilikuwa nampigia pasi shati la siku hiyo. Akasema bila kuniangalia, "Mama, kama kuna kitu umesikia, kikae kwako mpaka nife."

Sijui amejua tangu lini. Wasomaji wenzangu, mlio na wazazi wazee nyumbani, nielekezeni. Nimwokoe yeye, au niwaokoe wale anaowaita?