Kuni za Atakayekimbia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilirudi nyumbani Ndosho, mtaa wetu wa mjini, nikilia kama mtoto aliyevunja chungu. Nilikuwa nimetoka kusomea uchumi wa mazingira, na mradi ulioniajiri uliwapa wakulima wa njia ya Sake miche ya mikaratusi, wapate kuni na makaa kwao, waache kukata msitu wa mbuga ya wanyama. Miti ikakua. Kisha vita vikaja, wakimbizi wakapiga kambi kando ya mashamba, wakaikata yote. Mkurugenzi wetu, mgeni mwenye haraka zake, akasema ni hasara tupu, mradi ufungwe.

Papa, baba yangu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Wenye kukata, walienda kuuza ao kupika?"

"Kupika, papa."

"Sasa unalia nini? Mutu anakimbia na sufuria, hakimbie na kuni. Ile miti ilifanya kazi yake. Rudia kule, uwaambie."

Nilirudi. Niliogopa, sikufichi, maana kazi ile ndiyo iliyosomesha wadogo zangu. Nikasimama mkutanoni nikasema kila mti uliokatwa pale uliokoa mwingine mbugani, na visiki vya mikaratusi huchipua. Tuvitunze, na shamba moja liwe la watakaokimbia.

"Nani anapandia watu ambao hawajafika?" akauliza mkurugenzi.

"Sisi. Hapa kwetu kila mtu anajua atakimbia tena."

Mradi akaufunga hata hivyo. Mimi na wale wakulima tukabaki na visiki, tukavipalilia bila mshahara. Ndosho nzima ilinicheka: msomi mzima, mkulima wa visiki! Nikawaacha wacheke.

Miaka ikapita, vita vikaingia mjini. Nilikimbilia njia ya Sake, sufuria ya mama kichwani. Jioni mama mmoja wa yale mashamba akatua mzigo wa kuni mbele yangu.

"Kamata, dada. Si tulisema ni za wenye kukimbia?"

Nikapika maharage, nikacheka huku machozi yananitoka.

Mwanangu, wewe unayeishika kazi hii leo, usimwandike mtu mwenye njaa kuwa hasara. Wakifunga mradi, wewe usifunge mikono, akiba haiozi. Pandia hata usiyemjua, kwani leo ni kwake, kesho ni kwako. Mungu akupe mgongo usiochoka, na popote utakapotua sufuria yako, ukute kuni.