Fundi Kapeti na Gari Letu Lililonguruma

Mume wangu walimwita Fundi Kapeti, na jina hilo hakupewa bure. Gari lolote lenye kelele alilivua viti, akabandua kapeti, akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, halijashiba matandiko ya kuzuia kelele. Likisema "dub", limeshiba. Watu walitoka mbali kumfuata, na hapo siongezi chumvi.

Lakini gari letu wenyewe, lililozeeka pamoja nasi, lilinguruma kama mashine ya kusaga. Humo ndani tulizoea kupigiana makelele.

"Nasema funga dirisha!"

"Limefungwa, mama watoto!"

Kisha ugonjwa wa koo ukamnyang'anya sauti, ikabaki ya kunong'ona. Nyumbani nilimsikia nikimwinamia. Garini, tukienda hospitali, niliona midomo tu ikicheza. Safari moja alizungumza njia nzima, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Alipogundua sisikii kitu, akageuzia uso dirishani.

Kesho yake nikamkuta amepiga magoti ndani ya gari. Lile blanketi zito la kuzuia kelele, linalokaa chini ya kapeti, lilikuwa limeoza. Akilivuta linamkatikia mkononi.

"Mzee wangu, pumzika. Tumwite fundi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Fundi yupi?"

Basi nikashika patasi, mimi niliyeishia shule ya msingi, nikakwangua lami ya zamani iliyoshikilia blanketi mpaka bati likang'aa. Yeye alipaka gundi, akatandika blanketi jipya, akagonga, akasikiliza. Sakafu, milango, buti. Pumzi ikimwishia, anakaa kizingitini, kisha huyo tena.

Siku ya kwenda hospitali, binti yetu aliwasha gari akashtuka. "Mama, limezima?"

Wapi! Tukaondoka kimya kimya kama tumekaa chumbani. Nikamwinamia mzee. "Haya, sema sasa. Nakusikia hata ukimeza mate."

Akainua kidole. "Ngoja. Nina neno lako, nitakwambia tukirudi. Sasa niache nilisikilize gari."

Njia nzima alitega sikio, amefumba macho, anatabasamu kama bwana harusi. Tulipofika langoni mwa hospitali, akanong'ona, "Kuna kitu kinagonga nyuma, kulia. Nitakitazama."

Nilisikia kila herufi.

Walimlaza siku hiyo hiyo, na wodini hakuamka tena.

Tulirudi mimi na binti, viatu vya mzee nimevipakata. Kimya chote alichonitengenezea, nilikaa ndani yake nisiwe na wa kunong'onezana naye. Neno langu sikulijua, wala sitalijua. Ila nyuma, kulia, kitu kilikuwa kinagonga: ko, ko, ko.

Mpaka leo kinagonga. Binti kachoka nacho.

"Mama, ni skrubu tu imelegea. Nimwite fundi aikaze?"

"Fundi yupi?" namwuliza.