Goti Lisilolika

Baba alikuwa mwanajeshi. Mguu wake mmoja ulibaki vitani, na tangu hapo akatembelea wa bandia, wenye bawaba ya chuma gotini. Ndani ya bawaba kuna kipete cha plastiki, bushi, kinachozuia chuma kisisuguane na chuma. Ikilika, goti linalegea na mtu anaanguka. Ya baba ilikuwa imelika, naye alitaka jambo moja tu: amsindikize tena mama sokoni Nakasero, ambebee kikapu.

Kazi yangu chuoni ni kusugua plastiki. Nabana kipande kidogo kama punje ya mahindi juu ya sahani ya chuma inayozunguka, kisha napima kilichopungua. Lakini punje si goti. Kipande kikubwa hupata joto zaidi, hubeba uzito kwa namna nyingine, na vumbi likishaingia halitoki. Kwa hiyo nikachonga bushi ya plastiki ileile, nikambadilishia baba.

"Tuone itakaa muda gani," nikamwambia.

"Sawa, afande!" Akacheka, akanipigia saluti.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani Luzira, nikaitoa na kuipima. Punje iliisha mashineni. Bushi haikupungua hata kidogo. Nilifurahi kama mwehu. Nikawaeleza wenzangu kwa nini kipande kikubwa kinakishinda kidogo, na maelezo yalikuwa matamu kweli. Hakuna aliyeuliza kama goti lenyewe linatembea.

Mama, Mkenya asiyemung'unya maneno, ndiye aliyenivuta jikoni. "Baba yako hatembei. Tangu umpe hiyo kitu anakaa tu kwa kiti. Soko naenda peke yangu."

Nilimkuta baba barazani, mguu umefutwa vumbi, unang'aa.

"Baba, mbona hutembei?"

"Si wewe ulisema tuone itakaa muda gani? Kitu nikipewa, mimi natunza. Haijaisha, ama?"

Kitunze kikutunze, wanasema. Roho iliniuma. Askari aliyezoea kurudisha bunduki ikiwa safi, angefanya nini kingine? Ningemwambia tu, "Tembea, baba, iishe, nitachonga nyingine." Maneno hayo yasingenigharimu kitu.

"Umemaliza kupima?" akauliza. "Mama yako ananingoja."

Nikamwambia nimemaliza. Akashika mikono ya kiti, akajisukuma. Paja lilikuwa limekonda hadi suruali inapwaya. Akajaribu tena, akarudi kitini.

"Usijali, mtoto yangu," akasema, akilipapasa goti. "Hii kitu yako iko mzima kabisa."