Taulo, Povu na Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kuachwa nyuma na teknolojia. Nasema hivyo kila ninaponunua simu mpya, na binti yangu hunisikiliza kwa upole ule ambao wauguzi huwapa wagonjwa wanaosema kesho watacheza mpira. Nimesoma chuo kikuu. Nilijifunza kompyuta enzi zile ambazo ilikuwa lazima uvue viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, na hadi leo nikifungua programu mpya nyayo zangu hupata baridi. Najua umuhimu wa nenosiri, ingawa langu ni lile lile kila mahali. Kila asubuhi naweka picha ya ziwa kwenye stetasi ya simu, na wanaoitazama ni wale wale: mke wangu, mpwa wangu mmoja, na fundi aliyewahi kutuezekea paa.

Tunaishi Mbamba Bay. Mimi ni mzaliwa wa huku ufukweni, mla usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Mke wangu ni Mmatengo wa Litembo, huko juu kwenye kahawa na ukungu, ambako mtu hulala na soksi na kuamka na sweta. Mama yake bado yuko kule, na nampenda sana. Nasema nampenda, lakini ungeniuliza ana macho ya namna gani nisingeweza kukujibu.

Katika ukoo wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wapo wengi siku hizi walioacha, lakini mama hakuacha, na mimi niliyeoa kwake sikuona sababu ya kuanzisha mapinduzi. Tukikutana njiani mimi natoka pembeni na kuangalia kahawa, yeye anageukia upande wa pili, kisha tunasalimiana kama watu wawili wanaoongea na miti. Nikienda kwao nakaa kwenye benchi nje, nimeegemea ukuta wa jiko, na yeye anakaa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule, anapika. Hapo ndipo tunapozungumza. Tumezungumza habari za mvua, bei ya kahawa, mahubiri marefu ya paroko, na maradhi ya goti lake, miaka na miaka, kupitia matofali. Ni kati ya maongezi mazuri niliyopata kuwa nayo na mtu yeyote.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, akamnunulia mama simu ya kupangusa na kumwingiza kwenye kundi la familia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Kundi la familia halina ukuta wa jiko. Lakini mwanzo mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Kila asubuhi mama alituma ujumbe wa sauti. "Tumsifu Yesu Kristo," angesema, halafu angenyamaza kidogo, ili tupate nafasi ya kuitikia. "Hamjambo wanangu?" Kimya tena. "Haya, vizuri." Binti yangu alijaribu kumweleza kwamba sisi hatuko ndani ya simu wakati anarekodi. Mama akamjibu kwamba salamu ni salamu, na asiyeitikia ni shauri yake. Kwa hiyo sisi, tukiwa mezani tunakunywa chai, tuliitikia: "Milele amina! Hatujambo, mama!" Kisha mimi niliandika "Shikamoo mama," naye aliniwekea kidole gumba. Heshima ikawa imetimia bila mtu kumwona mwenzake.

Sasa ni lazima nimweleze huyu shemeji. Mimi na yeye ni watani. Kati yetu hakuna adabu inayodaiwa. Mimi namwita mla makande, yeye ananiita samaki mkavu. Aliwahi kunitangaza msibani kwamba nimekuja kwa sababu ya wali. Tena amefanana na mama yake kama shilingi kwa ya pili: paji lile lile, pua ile ile, na kwa sababu ya baridi ya Litembo wote wawili huvaa kofia ya sufu iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Naomba msomaji aikumbuke kofia hiyo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimekwenda kuoga ziwani, kwenye mawe ambako wanaume wa mtaa wetu huoga tangu tukiwa watoto. Nimejipaka sabuni kichwani, nimejifunga taulo, miwani nimeiacha ndani ya shati juu ya jiwe. Upande wa Malawi mawingu yalikuwa yamejipanga vizuri mno, nikaona si haki watu wa milimani wayakose. Nikaishika simu kwa mkono wenye povu ili niwapigie picha na kuiweka kwenye kundi.

Waliotengeneza programu hizi wameweka vialama viwili vya kamera. Cha chini ni cha kupiga picha. Cha juu ni cha kumpigia mtu simu ya video. Kwa macho ya binti yangu tofauti yake ni kama ya mbuzi na baiskeli. Kwa macho yangu, bila miwani, vyote viwili ni vidudu vyeusi. Nikabonyeza cha juu. Simu ikaita kwa ukoo mzima, kutoka Litembo hadi Songea.

Akapokea mmoja tu. Kwenye kioo ukajitokeza uso, paji, pua, na kofia ya sufu.

"Ewe mla makande!" nikapaza sauti kwa furaha ya kweli. "Bado umevaa kofia hiyo? Shuka huku ziwani uoge! Kichwa kimejaa vumbi la kahawa! Njoo nikusugue mwenyewe!"

Uso ule haukucheka. Nikasogeza simu karibu na jicho ili nione amekasirikia nini, na ndipo nikaona hereni.

Kanga ikapita kwenye kioo kama pazia linaloshushwa. Baadaye nikaona boriti za paa, nyeusi kwa moshi. Kisha kwa mbali nikasikia sauti ikitamka neno moja la Kimatengo ambalo mke wangu, hadi leo, amekataa kunitafsiria.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka kwamba povu lilikauka kichwani, kwa sababu mke wangu aliponiona aliuliza nani amenimwagia unga. Nikamweleza. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nikaanza kumbembeleza, na ndipo nikagundua kwamba alikuwa hawezi kupumua kwa kicheko.

Shemeji akapiga simu kabla ya magharibi.

"Shemeji," alisema, sauti imejaa sukari, "nimefika kwa mama nimekuta simu imefunikwa kwa ungo."

"Kwa nini ungo?"

"Anasema kuna mtu yuko uchi ndani yake."

"Nilikuwa na taulo!"

"Taulo halikufika kwenye picha, samaki mkavu. Kilichofika ni kifua. Tena chenye mvi."

Asubuhi iliyofuata tulikaa mezani na chai, simu katikati, tukisubiri "Tumsifu Yesu Kristo." Haikuja. Wala kesho yake. Binti yangu alikuwa akiitazama simu ile jinsi mtu anavyotazama mlango, na ndipo kicheko kilipoanza kupungua nyumbani mwetu. Maana binti huyo alikuwa anajiandaa kupata kipaimara, na msimamizi aliyemchagua, wa kusimama nyuma yake na kumwekea mkono begani mbele ya askofu, alikuwa bibi yake. Bibi ndiye aliyemfundisha kusali. Na sasa, kwa mujibu wa shemeji, bibi alikuwa anasema hateremki ziwani.

"Asipokuja," binti alisema, "basi mimi nangoja mwaka mwingine."

"Utapata msimamizi mwingine," nikasema.

"Baba, wewe ungependa mama mkwe mwingine?"

Nikaamua kutengeneza mambo kwa njia za kisasa. Niliandika kwenye kundi ombi refu la radhi lenye aya, nikalifuta kabla ya kulituma, kwa kuwa lilisomeka kama barua ya kuomba kazi. Nikaona bora stika moja tu, ile ya mikono iliyokunjwa kuomba. Safari hii nilivaa miwani, lakini kidole kiliteleza, na kilichokwenda kwenye kundi la ukoo ni stika ya mtoto mnene anayecheza muziki amevaa nepi. Nikaifuta haraka. Ikabaki ile alama ya kusema kwamba ujumbe umefutwa, na ukoo mzima, ambao ulikuwa umekaa kimya kwa heshima, ukafufuka kuuliza nimefuta nini.

"Wewe unadhani mama amekasirika," mke wangu aliniambia jioni hiyo, akichambua usipa. "Mama hajakasirika. Ameona aibu. Hajui akija hapa atayaweka wapi macho. Pale kwao kuna ukuta. Hapa kwako tuna nini? Sebule moja na makochi yanayotazamana."

Nikayatazama makochi yetu. Kweli yalikuwa yanatazamana kwa ukali.

Wakati ule ndipo nilipofanya kile ambacho baba yangu angefanya siku ya kwanza, bila kuhitaji bando. Nikamwita mtani. Kwetu jambo likikwama kati ya watu wanaoheshimiana, hubebwa na mtu asiyeheshimiwa na yeyote. Shemeji akashuka kutoka milimani akiwa na raha ya mtu aliyealikwa harusini, akakaa kwenye kochi langu, akala, akanitaka nisimulie yote upya, na taulo nilivae juu ya suruali ili aelewe. Nikalivaa. Binti alicheka hadi akatoka nje. Kisha shemeji akafungasha usipa wa kukaanga na mbasa wawili wakubwa waliokaushwa, wa kumpelekea mama.

"Nitamwambia nini?" aliuliza, akiwa tayari ameshapanda bodaboda ya kumpeleka stendi.

"Mwambie maneno yale yalikuwa yako."

"Sasa hapo umesema. Mama, mkwe wako hakukutukana wewe, alinitukana mimi. Wewe ulipita tu katikati." Akaondoka akicheka, mbasa mmoja mkia wake umetokeza kwenye begi.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa barazani. Simu ikaita, simu ya video, na jina lililotokea lilikuwa la mama mkwe. Nilifunga vifungo vya shati hadi shingoni. Nikapokea, kisha nikailaza simu kifudifudi mezani kama mtu aliyekamata nge.

"Hodi," ikasema meza.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko barazani, mama. Nimevaa."

Nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa akiwa hana kikohozi. "Sijakuuliza umevaa nini."

Binti yangu, ambaye alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, akainyanyua simu polepole. "Baba, tazama," akaninong'oneza. Nikatazama kwa jicho moja. Hakukuwa na uso. Kulikuwa na mibuni ya kahawa, na ng'ambo yake mlima wenye ngolo, yale mashamba ya vishimo yanayofanana na sega la nyuki, na kuku mmoja akipita na shughuli zake. Kamera ilikuwa imegeuzwa. Sijui kama ni mama aliyejua au ni kidole kilichoteleza, na sijauliza, kwa sababu kidole changu kilichoteleza nacho hakihitaji maswali zaidi. Binti akabonyeza kitu kwenye simu yetu, akaielekeza ziwani. Basi mama akawa anatazama ziwa na mimi natazama kahawa, na sauti zetu zikiwa zimekaa kando kwa kando kama kwenye ukuta wa jiko.

"Samaki wamefika," akasema. "Huyu mwanangu alitaka kumla mkubwa njiani."

"Ni mtani, mama."

"Yeye ni mtani wako. Mimi si mtani wako."

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza, kimya kile kile cha asubuhi, cha kumwachia mtu nafasi ya kuitikia. Nilikuwa natafuta la kuitikia alipoendelea.

"Hilo ndilo ziwa lenyewe?"

"Ndilo, mama."

"Lina maji mengi."

"Mengi, mama."

"Yanatosha kuosha vumbi la kahawa?"

Nyuma yangu binti alianguka kwenye kiti. Jikoni kitu cha bati kilidondoka, na nikajua mke wangu naye alikuwa anasikiliza.

"Bibi!" binti akapiga kelele. "Unakuja?"

"Sasa nani atakuwekea mkono begani? Baba yako? Si ataweka povu."

Alikuja. Tuligeuza makochi yote mawili yakatazama dirisha, na mgeni aliyeingia sebuleni kwetu wiki ile angedhani tunasubiri basi. Kanisani nilikaa nyuma ya nguzo. Kutoka pale niliuona mkono wake tu, juu ya bega la binti yangu, mkono mweusi wenye mishipa, ukiwa umetulia kabisa hata askofu alipopita.

Mchana walishuka ziwani, yeye, mke wangu na binti, upande wa wanawake. Mimi nilibaki barazani na shemeji, tukitazama barabara. Simu ikatetemeka. Kwenye kundi kulikuwa na picha ya miguu miwili ndani ya maji, pindo la kitenge limeinuliwa kidogo tu, na chini yake ujumbe wa sauti.

"Hamjambo wanangu?" Kimya.

"Hatujambo!" tukaitikia mimi na shemeji, watu wazima wawili, tukiiambia simu.

"Haya, vizuri. Maji ni ya baridi." Kimya. "Mkwe, vumbi limetoka."

Shemeji alikuwa amejiinamia, anagonga goti. Mimi niliingia ndani kwanza kutafuta miwani yangu, nikaivaa, nikahakikisha kidole kiko mahali pake, ndipo nikaandika: "Shikamoo mama."