Kifutio na Picha Nne za Uso Wake

Saa nne kasoro robo asubuhi, foleni ya picha za pasipoti imeshafika mlangoni. Nyuma ya pazia la bluu, mwanamke wa miaka thelathini na moja ameinamia kompyuta ya studio. Anabofya mara tatu, na kovu la shavuni kwa mteja halipo. Anabofya tena, chunusi ya kidevuni nayo inaaga. Mteja anaipokea picha yake na kutabasamu kama mtu aliyelala vizuri.

Hapa wanamwita Kifutio. Kwa miaka tisa amesafisha nyuso za watu, kama arobaini kwa siku, ilhali mashavu yake mwenyewe yamejaa mashimo madogomadogo yaliyoachwa na chunusi za ujanani. Wateja wengine hawana haya. Yupo aliyemuuliza mbele ya foleni nzima mbona yeye hajajifuta.

"Nilicheka," anasema. "Nilipofika chooni nikalia."

Kabla ya kumwona daktari alishahangaika vya kutosha. Wifi yake alimletea krimu isiyo na jina, ikamuunguza hata kunawa uso kukawa mateso. Shangazi aliapa kwa limau. Msusi wake akamwambia asiguse kitu, mashimo yatajaa yenyewe akinenepa. Kila mmoja alisema kwa uhakika, naye akamwamini kila mmoja kwa zamu yake.

Daktari wa ngozi, aliyetegemewa kumtoa gizani, alimzidishia. Alimweleza kuwa krimu haijazi shimo. Kuna sindano ndogondogo za kuitoboatoboa ngozi ili ijijenge upya. Kuna dawa ya kuchubua tabaka la juu, na kuna mashimo yanayotaka kukatwa nyuzi zinazoyavuta kwa chini. Halafu kuna leza, ambayo kwa ngozi nyeusi inahitaji mtu anayeijua vizuri, maana inaweza kuacha madoa. Na katika yote hayo hakuna linaloahidi uso wa mtoto mchanga. Makovu hupungua tu.

"Nilitoka pale kichwa kinaniuma," anasema. "Karatasi ninayo mkononi, lakini ukiniuliza leza ni ipi na kuchubua ni kupi, nakutazama tu."

Wakakubaliana waanze na sindano, mara tatu, kila baada ya wiki sita. Sharti lilikuwa moja: ajipige picha kabla ya kila awamu, na nyingine wiki sita baada ya ile ya mwisho. Zikishapangwa pamoja ndipo watakapoamua kama waendelee, au wahamie kwenye leza, ambayo Kifutio anaiogopa.

Jumatatu iliyopita akazipeleka zikiwa kwenye bahasha safi. Daktari akazipanga zote nne mezani. Akazitazama, akavua miwani, akazitazama tena.

"Dada, kwenye hii ya kwanza huna kovu," akasema. "Sasa mimi nilikuwa nakutibu nini?"

Kifutio akainama kuzitazama. Alikuwa amezisafisha zote. Hakukusudia, mkono ulifanya kazi yake wakati kichwa kinawaza mboga ya jioni. Na picha za awali hazipo tena, kwa sababu pale studio iliyosafishwa huhifadhiwa juu ya ile ya kwanza ili kompyuta isijae.

Tangu siku hiyo hajui ashike lipi. Kioo cha bafuni kinamwonyesha nafuu, cha studio kinamnyima. Mumewe anasema haoni tofauti kwa kuwa hakuwahi kuona kovu lenyewe, jibu lililomkera siku mbili. Mama yake alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema shavu la kushoto limelala kidogo, au labda ni taa.

"Miezi minne nimetobolewa, na sijui kama nimepata nafuu au nimeumia bure," anasema. Anaona aibu, wala haifichi.

Mchana foleni inakwisha, naye anakaa kwenye kiti cha wateja. Bosi wake anavuta taa mbele kama kawaida. Kifutio anamwomba aiweke pembeni. Bosi anasita, maana wote wawili wanajua kuwa mwanga wa mbele huficha.

"Pembeni litaonekana kila shimo, mama."

"Ndicho ninachokitaka."

Picha inatokea kwenye kompyuta. Anaikodolea macho kwa muda mrefu. Mkono unakwenda kwenye kipanya. Anaurudisha na kuukalia. Bosi anaichapisha mwenyewe na kuandika tarehe nyuma. Itakaa kabatini kwa mama yake Kifutio, chini ya mashuka, na mama ameapa kutompa hata akimlilia.

Leza itasubiri. Ameomba awamu tatu nyingine za sindano, na kila mara atapigwa picha kwenye kiti kilekile na taa ileile, bila yeye kuigusa. Safari hii anatumaini kupata jibu, hata kama litakuwa baya.

Mteja mwingine anaingia, mwalimu mwenye kovu juu ya nyusi. Kifutio anaufungua uso wake kwenye kompyuta, kisha anafanya jambo ambalo hajalifanya kwa miaka tisa. Anamgeukia na kumuuliza.

"Hili kovu nikufutie, au niliache?"

Mwalimu anajigusa nyusi. "Kwani linaonekana?"

Kifutio anamgeuzia skrini ya kompyuta, ajionee mwenyewe.